Sura ya Nne: Wiki Tano Bila Intaneti

Jumapili ya tarehe 30 Juni 2019, watu wa Khartoum, mji mkuu wa Sudan, na miji pacha yake, Omdurman na Bahri, walijaa barabarani kwa wingi ambao waliouandaa waliuita maandamano ya milioni. Port Sudan ilikuwa hivyo hivyo, Kassala hivyo hivyo, El Obeid hivyo hivyo. Walitoka kwa mpango, wakijua pa kukutania na njia ya kupita, na siku yenyewe ilikuwa imechaguliwa kwa makusudi: ilitimia miaka 30 kamili tangu Omar al-Bashir atwae madaraka kwa mapinduzi ya kijeshi. Na hawakuwa na intaneti. Majenerali waliomrithi Bashir walikuwa wameikata tangu tarehe 3 Juni, na hawakuirudisha hadi 9 Julai. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 40 ilikaa wiki tano na ushei bila WhatsApp wala Facebook, na katikati ya kiza hicho ikatoa maandamano yaliyowarudisha majenerali mezani. Tarehe 5 Julai, kabla hata mtandao haujarudi, pande mbili, majenerali na viongozi wa waandamanaji, zilitangaza kwamba zimekubaliana kugawana madaraka.

Nimeanza na siku hiyo kwa sababu inavuruga hadithi tuliyozoea kusimuliwa. Tangu mwaka 2011 kila utawala wa mabavu unapotikiswa, mtu huuliza kwanza waandamanaji walitumia programu gani. Tukapewa "mapinduzi ya Facebook" na "mapinduzi ya Twitter", kana kwamba simu ndiyo iliyotoka nyumbani ikavuta hewa ya mabomu ya machozi. Hoja ya sura hii ni kwamba tumekuwa tukiangalia siku zisizofaa. Anayetaka kujua teknolojia ya mawasiliano inawafanyia nini waandamanaji aziangalie siku ambazo wamenyang'anywa. Kinachobaki siku hizo ndicho kilichokuwa kikifanya kazi muda wote, na kinachokosekana ndicho hasa kilicholetwa na simu.

Kukata intaneti katika nchi yenye utawala wa mabavu si kazi ngumu. Kampuni za simu ni chache, zote zinaishi kwa leseni ya serikali, na wakubwa wake wana familia mjini. Amri moja inatosha. Misri, usiku wa kuamkia Ijumaa ya 28 Januari 2011, kampuni moja baada ya nyingine ilitoweka kwenye mtandao wa dunia katika muda wa dakika chache, na Vodafone ikaeleza baadaye kwamba iliamriwa na sheria za nchi hazikuipa njia ya kukataa. Sudan nako mambo yalikuwa hivyo, ingawa kulitokea kichekesho kimoja ambacho sipendi kipotee. Wakili mmoja wa Khartoum aliishitaki kampuni yake ya simu kwa kumkatia huduma aliyoilipia. Akashinda. Mahakama ikaamuru arudishiwe intaneti, lakini kwa kuwa alikuwa amefungua kesi kwa jina lake mwenyewe, akarudishiwa yeye peke yake. Kwa siku kadhaa akawa na kitu ambacho mamilioni ya wenzake walikuwa wamekikosa. Ilibidi arudi mahakamani kwa niaba ya wengine.

Silaha hiyo ilikuwa imewahi kujaribiwa Sudan, tena ikafanya kazi. Mwishoni mwa Septemba 2013 serikali ya Bashir iliondoa ruzuku ya mafuta, bei ya petroli ikakaribia kuwa maradufu, na vijana wakaingia barabarani. Tarehe 25 intaneti ilikatwa kwa takriban siku nzima. Vikosi vya usalama vilipiga risasi za moto. Mashirika ya haki za binadamu yalihesabu waliouawa kuwa karibu 200. Katika siku chache mambo yakatulia. Msomaji aziweke tarehe hizi mbili kando kwa kando, Septemba 2013 na Juni 2019. Nchi ni ile ile, vyombo vya usalama karibu ni vile vile, mbinu ni ile ile. Mara ya kwanza siku moja ya kiza ilitosha kuvunja maandamano. Mara ya pili wiki nne za kiza ziliishia kwenye maandamano ya milioni. Kama teknolojia ndiyo ingekuwa mhimili, matokeo yangefanana, au mara ya pili ingekuwa mbaya zaidi, maana kufikia 2019 watu walikuwa wameizoea intaneti kupita 2013. Tofauti lazima itafutwe penginepo.

Ipo katika miaka mitano iliyopita katikati, miaka ambayo vyombo vya habari vya nje havikuwa na mengi ya kusema kuhusu Sudan. Kutoka kwenye damu ya 2013 vilianza vikundi vidogo vya vijana mitaani, vilivyokuja kujulikana kama kamati za muqawama, yaani kamati za kukataa kukandamizwa. Hazikuwa chama cha siasa. Zilikuwa watu wa mtaa wa Burri, watu wa mtaa wa Abbasiya, wanaojuana kwa majina, waliosoma shule moja na kuchezea mpira uwanja mmoja, ambao wanajua mlango upi utafunguliwa usiku mtu akifukuzwa na askari. Sambamba na hao, madaktari, walimu, wanasheria na waandishi wa habari, ambao vyama vyao rasmi vya wafanyakazi vilikuwa vimemezwa na chama tawala, waliunda vyao vya pembeni, na vyama hivyo vikaungana katika Jumuiya ya Wanataaluma wa Sudan. Kazi yao iliyosikika mwaka 2018 ilikuwa ya kawaida kabisa: utafiti wa mishahara. Walikuwa wamepanga kuandamana tarehe 25 Desemba hadi bungeni kudai kima cha chini kipandishwe. Lakini tarehe 19 Desemba, katika mji wa reli wa Atbara, bei ya mkate ilikuwa imeruka kutoka pauni 1 hadi 3, wanafunzi wakaingia barabarani, na ofisi ya chama tawala ikachomwa moto. Wanataaluma wakabadili njia. Maandamano ya mishahara yakaelekezwa ikulu, na dai likawa Bashir aondoke.

Hapa ndipo simu inapoingia, na sitaki kuipunja haki yake. Ukurasa wa Facebook wa Jumuiya ya Wanataaluma ukawa ubao wa matangazo wa taifa: kila wiki ratiba, siku, mtaa, saa. Kaulimbiu ikasafiri nao, *tasgut bas*, ambayo msomaji wa Kiswahili anaweza kuielewa nusu bila mkalimani, maana hilo *bas* ndilo "basi" letu: uanguke, basi. Tarehe 21 Desemba mkuu wa usalama wa taifa, Salah Gosh, alikiri hadharani kwamba serikali imeamua kuifunga mitandao ya kijamii. Watu wakapakua VPN, wakaendelea. Kundi moja la Facebook la wanawake tupu, lililoanzishwa ili wachunguze mwenendo wa wachumba na waume, lilianza kupokea picha za namna nyingine: picha za maofisa wa usalama wasiovaa sare. Wanachama walewale waliokuwa hodari wa kugundua mchumba ana mke wa pili wakawa hodari wa kugundua jina la ofisa, mtaa wake na shule aliyosoma. Ikafika mahali maofisa wakaanza kufunika nyuso.

Lakini tazama maandamano yenyewe yalivyoanza. Ukurasa umesema mtaa fulani, saa 7 mchana. Saa 7 kasorobo hakuna kitu pale. Kuna wauza chai, kuna watu wanaopita na mifuko, kuna vijana wawili wawili wanaojifanya wanasubiri basi, na kuna magari ya usalama yaliyoegeshwa, kwa sababu usalama nao wanausoma ukurasa. Kila mmoja anamwangalia mwenzake asijue kama yule ni muandamanaji, mpita njia au askari kanzu. Saa 7 kamili mwanamke mmoja anapiga kigelegele. Hicho ndicho kilikuwa kipyenga. Mwenye kukipiga ndiye aliyekuwa hatarini kuliko wote, kwa sababu kwa nukta moja au mbili alikuwa muandamanaji wa pekee barabarani. Kisha anaitikiwa, na barabara ya wapita njia imeshageuka maandamano. Facebook iliwaleta watu mahali pamoja na kuwaonyesha kwamba wengine nao wameliona tangazo. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu utawala wa mabavu unaishi kwa kila mtu kudhani yuko peke yake katika kuuchukia. Ila hapakuwa na programu iliyoweza kupiga kigelegele kile. Anayekipiga lazima awe na uhakika kwamba wapo watakaoitikia, na uhakika huo haupatikani kwa kuhesabu waliobonyeza "nimependa".

Tarehe 6 Aprili 2019, siku ile ile ambayo mwaka 1985 ilimwondoa Rais Jaafar Nimeiri, umati ulifika makao makuu ya jeshi mjini Khartoum, ukapiga kambi, ukakataa kuondoka. Siku mbili baadaye ilipigwa kwa simu picha ya Alaa Salah, mwanafunzi aliyevaa toub jeupe na hereni za dhahabu za duara, amesimama juu ya gari, kidole juu, na chini yake mamia ya simu zikimrekodi. Tarehe 11 Bashir akaondolewa. Kambi haikuvunjwa; watu walitaka utawala wa kiraia. Vijana walikaa juu na chini ya daraja la reli wakigonga chuma chake kwa mawe mchana na usiku, na mdundo ule ukisikika ulikuwa taarifa kwamba kambi bado ipo. Tarehe 23 Aprili treni iliingia kutoka Atbara imebeba mamia, wengine wamekaa juu ya paa. Na alfajiri ya 3 Juni, siku ya 29 ya Ramadhani, askari waliovaa sare za Vikosi vya Msaada wa Haraka (RSF) na wenzao walivamia kambi. Zaidi ya watu 100 waliuawa, baadhi ya miili ikatolewa Mto Nile. Intaneti ikakatwa.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya miguu. Kamati za mitaa zilijenga vizuizi vya matofali kwenye vichochoro, zikafanya mikutano usiku viwanjani, zikagawa vipeperushi nyumba kwa nyumba, zikaandika tarehe kwenye kuta, zikafunga vipaza sauti juu ya magari. Kuna atakayenikumbusha kwamba simu za kawaida na ujumbe mfupi vilikuwa bado vinafanya kazi, na kwamba palibaki laini chache za waya zenye intaneti katika ofisi na hoteli. Ni kweli, na vilitumika sana. Lakini hilo linaisaidia hoja. Ujumbe mfupi unataka uwe na namba ya mtu. Hautangazi, unamfikia yule unayemjua, naye anamfikia anayemjua. Yaani kilichobaki baada ya kukatwa kwa intaneti ni mawasiliano yanayopita ndani ya kujuana tu, na kujuana huko kulikuwa kumejengwa tangu 2013. Mwaka 2013 wenyewe kulikuwa na simu za kupiga pia. Wa kupigiwa ndio hawakuwapo.

Pingamizi kubwa zaidi hutoka Cairo. Mbona Misri hapakuwa na miaka mitano ya kamati za mitaa, na bado 28 Januari 2011, siku ya kwanza ya kiza, ikawa siku kubwa kuliko zilizotangulia? Mtafiti Navid Hassanpour ameijadili siku hiyo kwa kina, na jibu lake ni kwamba kukatwa kwa mawasiliano kulichochea: aliyekuwa akifuatilia akiwa sebuleni alilazimika kutoka ili ajue kunaendaje, mama akatoka kumtafuta mwanawe, na mikusanyiko ikatawanyika sehemu nyingi kuliko polisi walivyoweza kuizima. Nalikubali, ila nusu. Kiza kinaweza kumtoa mtu nje. Hakiwezi kumwambia aelekee wapi. Ile ilikuwa Ijumaa, na baada ya sala mamia ya misikiti ilifungua milango kwa wakati mmoja. Ratiba hiyo haikutoka Facebook. Nyuma yake kulikuwa na migomo ya wafanyakazi wa nguo wa Mahalla, ambayo mwaka 2008 ndiyo iliyozaa kundi la vijana la 6 Aprili. Misri ilikuwa na mizizi yake, ila picha za Uwanja wa Tahrir hazikuionyesha mizizi hiyo.

Ndivyo ilivyokuwa hata enzi ya kanda za kaseti. Ayatollah Khomeini, akiwa Neauphle-le-Château nje ya Paris mwishoni mwa 1978, alihutubia Iran kwa simu. Upande wa pili kinasa sauti kilikuwa kinazunguka, na kanda zikadurufiwa sokoni. Waandishi wengi wameisifu kaseti. Lakini kaseti ziliuzwa nchi zote za dunia mwaka huo, na mashah wengine hawakuanguka. Iran ilikuwa na misikiti na bazari, watu ambao tayari walikuwa wakichangiana na kuaminiana, na kanda ilipita katika mikono hiyo. Wasudani wenyewe hawakuhitaji kufundishwa: Oktoba 1964 walimwangusha Jenerali Abboud kwa mgomo wa nchi nzima, kwa karatasi na miguu.

Basi kama kukata hakufui dafu, kwa nini watawala wanaendelea kukata? Wapo wanaokata kwa hofu tu. Lakini kuna jibu baya zaidi. Anita Gohdes, aliyechambua takwimu za vita vya Syria, alionyesha kwamba vipindi vya kuzimwa mtandao viliambatana na ongezeko la watu kuuawa na upande wa serikali. Nadhani lengo la kukata, mara nyingi, ni kuzuia macho kuliko kuzuia midomo. Khartoum ilikuwa hivyo: risasi na kiza viliingia pamoja. Waliokuwa kambini walirekodi, na mamia ya video hizo zilipotoka baadaye ndipo dunia ilipoona kilichofanyika. Hapa simu haina mbadala. Kipeperushi kinaweza kuitisha maandamano. Hakiwezi kuonyesha uso wa aliyefyatua. Wasomaji wa Kampala, waliokatiwa intaneti usiku wa kuamkia uchaguzi wa 14 Januari 2021, wanaijua hofu ya siku ambazo jambo linaweza kutokea mtaa wa pili usilisikie.

Na wapo watawala waliokwishaelewa hoja hii kuliko wanaoiandika. Mwaka 2013 Gary King, Jennifer Pan na Margaret Roberts walichapisha utafiti juu ya kinachofutwa katika mitandao ya kijamii ya China. Waligundua kwamba maneno makali dhidi ya serikali mara nyingi huachwa. Kinachofutwa ni chochote kinachoelekea kuwakusanya watu, hata kama kinaisifu serikali. Beijing haihangaiki sana na mwenye hasira. Inahangaika na wenye hasira wanaoanza kufahamiana. Huo ni ushahidi kutoka kwa adui, nao una uzito kuliko sifa za wapenzi wa teknolojia. Pia ndio unaonikataza kuahidi kwamba yaliyotokea Sudan yatatokea popote. Bashir aliweza kufunga Facebook, lakini hakuwa na mashine ya kuziona kamati zikichipua. Wengine wanayo.

Kuna hoja moja ambayo sina namna ya kuiondoa. Zeynep Tufekci, katika kitabu chake cha 2017 kuhusu maandamano ya zama za mitandao, anasema kwamba zamani kuandaa maandamano makubwa kulichukua muda mrefu, na muda huo ndio uliowafundisha watu kuamua pamoja; sasa umati unapatikana kwa siku chache, na ukishapatikana haujui kukata shauri. Wasudani walikuwa wamepitia shule hiyo ndefu, na bado hawakutawala. Tarehe 25 Oktoba 2021 majenerali walitwaa madaraka yote kwa mapinduzi, wakakata intaneti hadi katikati ya Novemba. Kamati zikafanya lile zililolijua: tarehe 30 Oktoba barabara zikajaa, bila mtandao, mara ya pili. Mapinduzi hayo ya kijeshi hayakurudishwa nyuma. Ujuzi wa kumzuia mtu asitawale kwa raha na ujuzi wa kumtoa mwenye bunduki si kitu kimoja, na sidhani kwamba simu au kamati, peke yake, inaziba pengo hilo.

Tarehe 15 Aprili 2023 majenerali, wa jeshi na wa RSF, walianza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Kamati za mitaa zikageuka vyumba vya dharura: wale wale waliojua mlango upi utafunguliwa usiku sasa walijua nyumba ipi ina mgonjwa na ipi haijapika. Wakaanzisha majiko ya pamoja, ya maharage na dengu, kwa fedha kutoka kwa ndugu walioko Ghuba, Uingereza na kwingineko, zilizoingia kupitia Bankak, programu ya simu ya Benki ya Khartoum. Februari 2024 mawasiliano yalizimika karibu nchi nzima, na safari hii kujuana hakukutosha. Muamala wa Bankak haupiti kwa kigelegele wala kwa kipeperushi. Majiko mengi ya Khartoum yalisimama kupika. Katika mitaa iliyoshikwa na RSF zikatokea antena za Starlink, nyingine mikononi mwa wapiganaji wenyewe, na watu wakalipa kwa saa ili waunganishwe. Mtu wa jiko anakaa chini ya antena ya mwenye bunduki, analipia saa yake, anasubiri salio lisogee. Likisogea, anakwenda kununua dengu.